Mkoa Mpya Bila Msimbo Mpya

Swali limetoka Mpanda, kwa msomaji aliyeandika programu za Java kwa miaka mingi. Anaona vijana wakijenga mifumo kwa kujaza fomu na kubofya vitufe, wala hawaandiki mstari hata mmoja. Anauliza kama ujuzi wake bado una soko.

Jibu liko jirani naye. Zahanati na vituo vya afya vya mkoa wake, Katavi, hujaza vitabu vya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), na jumla zake huingizwa kila mwezi katika DHIS2, jukwaa la takwimu za afya lililokuwa limeenea Tanzania Bara yote kufikia mwisho wa 2013. Chimbuko lake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990. Leo huendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mshirika wa siku nyingi. Anayetaka fomu ya chanjo hutaja vitu vya kuhesabiwa, makundi ya umri na kanuni za ukaguzi. Skrini ya kujazia hujitokeza yenyewe.

Makala haya yanayaita majukwaa ya aina hii majukwaa ya msimbo haba. Jina "msimbo mdogo" lingepotosha, kwani chini ya DHIS2 kuna msimbo mkubwa wa Java. Ulio haba ni ule anaouandika mtumiaji.

Utamu wenyewe uko kwenye mti wa maeneo wa DHIS2.

Juu kabisa liko taifa, chini yake mikoa, kisha halmashauri, kisha vituo. Kila eneo lina kitambulisho cha herufi na tarakimu 11, na, isipokuwa taifa, mzazi wake mmoja. Ni kama ukoo usio na daftari la wajukuu: mtoto ukimuuliza ni wa nani, anakupeleka kwa mama yake, mama anakupeleka kwa bibi, unapanda hivyo hivyo mpaka kwa mkubwa wa wote. Siku mama akihamia upande wa pili wa ukoo, hakuna haja ya kuandikisha watoto upya mmoja mmoja. Wanamfuata, na watoto wao wanawafuata. Atakayehesabu watu wa upande ule kesho yake atawakuta wote, hata kama hakupewa habari ya kuhama.

Sasa itazame Rukwa. Machi 2012 Tanzania ilipata mikoa minne mipya: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Katavi ulimegwa kutoka Rukwa, makao makuu yakawa Mpanda. Programu iliyotaja "Rukwa" ndani ya msimbo wa kila ripoti ingelazimika kufumuliwa ripoti kwa ripoti. Katika mti wa DHIS2, badiliko la namna hiyo ni kuongeza tawi la mkoa chini ya taifa, kisha kubadili mzazi wa kila halmashauri iliyohama. Kituo cha Karema, kandoni mwa Ziwa Tanganyika, hakihitaji kuhaririwa na mtu. Baadaye, mara nyingi usiku, jukwaa huunda upya majedwali ya uchambuzi: kila takwimu huandikiwa kituo chake, halmashauri yake na mkoa wake katika safu za jedwali, ili ripoti ya asubuhi isipande mti tena. Ni usanifu wa kupendeza mno.

Na mahitaji hayakukoma 2012. Januari 2016 Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, na ndani ya Katavi yenyewe Mpimbwe imejitenga na Mlele.

Ni kweli kwamba takwimu za zamani huhama pamoja na tawi, hata za 2011 zikasomeka kuwa za Katavi, na mantiki ngumu bado huandikwa kwa JavaScript. Hayo yana dawa zake.

Kuamua kwamba jina la mkoa liwe data badala ya msimbo ni kazi ya mwandishi wa programu mzoefu. Uamuzi wa aina hiyo ndio uliowezesha Sri Lanka, Januari 2020, kutumia jukwaa hilohilo kuunda kwa siku chache mfumo wa kufuatilia wasafiri kwa ajili ya UVIKO-19. Ujuzi huo haupatikani kwa kubofya vitufe, na soko lake lipo.

Msimbo wa DHIS2 uko wazi kwenye GitHub, na iko seva ya majaribio yenye takwimu za mfano za Sierra Leone. Mtaalamu wa Java anayetaka kujionea aanze na klasi iitwayo OrganisationUnit, autafute mstari unaomtaja mzazi, kisha kwenye seva hiyo ahamishe eneo moja kutoka wilaya moja hadi nyingine, aunde upya majedwali ya uchambuzi na kutazama jumla za wilaya hizo.