Kijana Anapokutazama Machoni

Wazazi wetu, malalamiko haya tunayasikia kila mara: "Nikimkanya ananitazama machoni." "Amefikisha miaka 18, hataki nifungue barua zake."

Kwetu, kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni heshima. Shuleni hapa Marekani, mtoto anayeinamisha macho hudhaniwa hasikilizi, au anaficha jambo. Kwa hiyo kijana wako anabeba adabu mbili, na akifika nyumbani husahau kubadilisha.

Barua nazo zina sababu. Katika majimbo mengi, mtu akitimiza miaka 18 sheria humhesabu mtu mzima. Kwa kawaida hospitali haimwelezi mzazi habari za matibabu yake bila ruhusa yake. Sheria hiyo hakuitunga mwanao.

Halafu kuna mzigo. Aliyejua Kiingereza mapema ndiye anayesoma bili na kumtafsiria mama kwa daktari. Anaogopa kukosea, na hofu hiyo hutoka kama hasira. Mpunguzieni: hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kuwapa mkalimani bila malipo. Mwombeni mnapopanga miadi. Semeni, "Kiswahili."

Nanyi vijana, nyumbani salamu ndiyo mlango. Anzeni na shikamoo, hata mkiwa mmechoka.

Wazazi, kabla ya kusema "huyu ameharibika," keti naye, muulize: "Huko nje wanakutaka uwe vipi?" Kisha mwambie na wewe unavyotaka awe nyumbani. Atasikia vizuri zaidi akijua umemsikia.