Klabu zilizogeuka mlango wa pili wa chuo

Mwanzoni mwa kila muhula, uwanja wa Sproul katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, hujaa meza. Nyuma ya meza hizo husimama wanafunzi waliovaa fulana za vyama vyao, wakigawa vipeperushi na kuwaita wageni wa mwaka wa kwanza. Chuo hicho cha umma, kilichoanzishwa mwaka 1868, kina vyama vya wanafunzi zaidi ya 1,000, na mgeni anaweza kudhani kujiunga ni suala la kuandika jina na kwenda zake. Kwa vyama vingi ndivyo ilivyo. Kwa klabu za ushauri wa biashara na za uwekezaji, mambo ni mengine kabisa. Mwombaji hupeleka wasifu na insha, huzungumza na wanachama kwa kikombe cha kahawa huku akipimwa kimyakimya, kisha huitwa kwenye usaili. Hapo hupewa mkasa wa kampuni, mathalani mauzo yanapanda lakini faida inashuka, atafute chanzo palepale, kwa sauti, mbele ya watu wanaoandika. Wasaili wenyewe ni wanafunzi wenzake, pengine wamemzidi mwaka mmoja tu.

Ukali huo una chimbuko lake. Shule ya biashara ya Berkeley, ambayo leo huitwa Haas, ilianza mwaka 1898 kwa mchango wa Cora Jane Flood. Kwa miongo mingi haikuwapokea wanafunzi wa shahada ya kwanza siku walipoingia chuoni. Kijana alisoma kwanza miaka miwili, akapita masomo ya uchumi, hesabu, takwimu na uandishi, ndipo akaomba nafasi ya kuanza mwaka wa tatu katika biashara. Alama peke yake hazikutosha; insha na shughuli za nje ya darasa ziliangaliwa pia. Sasa waweke pamoja waombaji ambao karibu wote wana alama za juu, uone kitakachotokea: kila mmoja atatafuta cha kumtofautisha na mwenzake, na klabu yenye jina itakuwa cha kwanza kukimbiliwa.

Hoja yangu ni kwamba chuo cha umma kinapoupa uzito uanachama wa klabu ya namna hiyo, kinagawa sehemu ya mamlaka yake ya udahili kwa watu wasiowajibika kwa yeyote. Chuo Kikuu cha California huchapisha takwimu za udahili wake, na raia anayelipa kodi anaweza kuzisoma na kuzihoji. Klabu hailazimiki kumweleza aliyekataliwa kwa nini amekataliwa, wala hana pa kukata rufaa. Na bado klabu hizo husajiliwa chuoni, na umoja wa wanafunzi hugawa fedha kwa vyama kutokana na ada ambayo wanafunzi wote hulipa, akiwamo yule aliyefungiwa nje.

Nani hufungiwa nje? Mwanasosholojia Lauren Rivera aliwahoji watu 120 wanaohusika na ajira katika benki za uwekezaji, kampuni za sheria na za ushauri nchini Marekani, akachapisha matokeo mwaka 2012 na baadaye kitabu mwaka 2015. Alionyesha kuwa waajiri walimpima mwombaji pia kwa jinsi anavyofanana nao: michezo yake, mapumziko yake, namna anavyozungumza. Klabu za wanafunzi zimeiga usaili wa kampuni hizo, na sioni sababu ya kuamini kwamba hazikuiga na upofu wake. Aliyekulia nyumba ambayo hisa na mikopo ni mazungumzo ya kila jioni hufika amekwisha kufundishwa. Anayefanya kazi ya zamu ili alipe pango hukosa hata hicho kikombe cha kahawa.

Wenye klabu wana utetezi, nao si wa kupuuzwa. Husema wanafanya kazi za kweli kwa wateja wa kweli, na kundi la watu ishirini haliwezi kubeba mia tatu. Ni kweli. Lakini uchache wa nafasi unaeleza kwa nini lazima wachague. Hauelezi kwa nini wachague walioiva tayari, wakati wanajitangaza kuwa mahali pa kujifunzia.

Shule yenyewe imebadili mkondo. Mwaka 2022 ilitangaza mchango wa dola milioni 30 kutoka kwa Ned na Carol Spieker wa kuanzisha programu ya miaka minne, na mwaka 2024 ikaanza kupokea wanafunzi moja kwa moja kutoka sekondari. Kuna wanaosema huku ni kuhamisha mbio tu, kwani sekondari za Marekani zimetofautiana kwa utajiri kuliko hata vyuo. Nakubali nusu yake. Tofauti ni kwamba sasa anayechagua ni ofisi ya chuo, yenye vigezo na yenye kuulizwa maswali. Hata hivyo klabu hazitalegea, maana kampuni kubwa bado zinawinda wafanyakazi humo humo.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kujipongeza kwamba kwetu pointi za kidato cha sita au za KCSE ndizo zinazoamua, na hakuna anayeuliza ulikuwa mwenyekiti wa nini. Asijipongeze sana. Pointi nazo hubeba historia ya shule uliyosoma, maabara iliyokuwapo na mwalimu asiyekuwapo. Ila zina sifa moja ambayo klabu hazina: kila mtu anajua kilichopimwa. Anayetaka tuongeze shughuli za nje ya darasa kwenye udahili wetu, kwa hoja kwamba mtihani haumpimi mtu mzima, aseme kwanza nani atazithibitisha.

Kwa Berkeley na vyuo vinavyofanana nayo, dawa haihitaji sheria mpya. Klabu inayopokea fedha za ada itenge nafasi za mafunzo zisizo na usaili, ichapishe idadi ya walioomba na waliopokelewa, na shule ya biashara itamke kwa maandishi kwamba jina la klabu halina alama yoyote katika udahili. Klabu isiyotaka masharti hayo ijigharimie yenyewe.