Kioo cha Kompyuta na Jua la Singida

Msimu wa alizeti uliopita niliitwa Ikungi na mnunuzi mmoja aliyedai kompyuta mpakato yake imeharibika kioo. Nilimkuta chini ya mwarobaini mbele ya stoo, kompyuta ameiweka juu ya magunia. Pembeni yake alisimama mkulima mwenye mzigo, mzee wa rika la babu yangu, akikodoa macho asome kilo zake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hebu nisomee wewe, mjukuu wangu. Mimi hapa naona ukungu tu."

Nikasimama aliposimama yeye. Kweli, namba zilikuwa zimepauka mpaka tatu na nane hazitofautiani. Nikainama nyuma ya bega la mnunuzi: kila kitu kinasomeka. Kioo kilikuwa kizima. Ndivyo kilivyotengenezwa, na mzee wa watu alikuwa na haki ya kushuku mizani.

Kilikuwa kioo cha TN. Vioo vingi vya kompyuta vina taa nyuma, na mbele ya taa kuna tabaka la fuwele za kimiminika ambazo umeme huzigeuza ziruhusu mwanga au ziuzuie. Kwenye TN fuwele hizo huinuka na kulala, mfano wa madirisha ya luva: ukisimama mahali fulani unaona nje vizuri, ukichuchumaa vioo vilevile vinakuziba. Ufundi huu ulibuniwa mwaka 1970 na Martin Schadt na Wolfgang Helfrich huko Basel, Uswisi, wakiwa wafanyakazi wa Hoffmann-La Roche, kampuni ya dawa za hospitali! Ni rahisi kuutengeneza, ndiyo maana umejaa kwenye kompyuta za bei ya chini na za mtumba.

Dawa ya tatizo la mzee ni IPS, ambayo Hitachi ya Japani iliingiza sokoni mwaka 1996. Humo fuwele hazisimami; huzunguka zikiwa zimelala sambamba na kioo, kama mshale wa saa. Mtazame kushoto, kulia au kwa kusimama, rangi ni ileile kwa wote. Aina ya tatu, VA, utaikuta zaidi kwenye televisheni, tuipite.

Lakini usikimbilie dukani kuuliza "Ni IPS?" ukadhani umemaliza. Huku kwetu, miezi ya kiangazi ambayo wingu ni la kutafuta, swali kubwa ni mwanga, na mwanga wa kioo hupimwa kwa niti. Kompyuta za bei ndogo hutoa niti 220 hadi 250. Sasa chukua karatasi nyeupe, kaa nayo kivulini mchana mweupe: karatasi hiyo inarudisha mwanga wa niti 2,500 hivi. Ukiitoa juani, ni kama 25,000. Kioo chako kinashindana na karatasi iliyokizidi mara kumi kabla hata hujatoka kivulini. Kwa anayefanya kazi nje, chini ya niti 300 ni mateso. 400 ndiyo raha. Na uso uwe wa kufifia, usiometa. Ule unaometa hupendeza dukani, ila nje utajikuta unasoma shati lako jeupe.

OLED je? Ni vioo vizuri kuliko vyote kwa picha, kwa kuwa kila nukta hujiwakia yenyewe na nyeusi ni giza kabisa. Kwa mhariri wa video za harusi, sina ubishi. Kwa mtu anayeshinda na jedwali la hesabu, simshauri: ukurasa mweupe unawasha karibu nukta zote na kula betri, picha isiyobadilika kwa muda mrefu huweza kuacha alama ya kudumu, na kikipasuka bei ya kingine itakutoa jasho.

Wauzaji wa mtumba hupenda kuonyesha kibandiko cha Full HD. Kibandiko hicho kinasema idadi ya nukta tu, 1920 kwa 1080. Hakisemi aina ya kioo. Mgongoni mwa kioo, palipoandikwa namba ya modeli, ndiko kwenye ukweli. Kwa vioo vya AU Optronics ya Taiwan, kwa mfano, B156XTN na B156HTN vyote ni TN, japo cha pili ni Full HD. B156HAN ni jamaa ya IPS. Ukitaka kubadilisha, fundi ahesabu kwanza pini za tundu la waya, maana 30 na 40 haziingiliani. Mnunuzi wa Ikungi nilimbadilishia hivyo, na msimu huu kompyuta inakaa katikati, yeye upande huu na mkulima upande ule.

Kama huwezi kuifungua kompyuta usome namba hiyo, fungua ukurasa wenye picha nyeusi-nyeusi, laza kioo nyuma, kisha kitazame kutoka chini. Picha ikigeuka, giza likawa mwanga, hiyo ni TN. Halafu ongeza mwanga hadi mwisho na uibebe mpaka mlangoni, saa sita mchana. Muuzaji akikataa isitoke ndani ya duka, mwachie.