Jozi Nzuri Mezani Hugeuka Mtego

Wahenga walinena kwamba usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa. Neno hilo humfaa sana mchezaji wa karata ambaye, akishapata jozi nzuri mkononi, huanza kuhesabu ushindi kabla meza haijasema neno lake la mwisho.

Karata si kitu kigeni katika nchi za Waswahili. Hata majina ya kopa, uru, shupaza na pao yana asili ya Kireno, nayo yamekaa katika lugha yetu kama wenyeji. Mchezo wa poka, uliokulia Marekani katika karne ya 19, haujaenea barazani kama ile tuliyoizoea. Hata hivyo una somo moja ambalo askari, polisi na mama wa nyumbani wanaweza kulitumia: namna ya kutenda wakati kitu kizuri ulichonacho kinapoanza kuzungukwa na hatari.

JINSI MCHEZO UNAVYOCHEZWA

Katika namna ya poka iliyo mashuhuri zaidi, kila mchezaji hugawiwa karata mbili za siri. Kisha mgawaji hufunua karata tatu katikati ya meza, halafu ya nne, na mwisho ya tano. Karata hizo za wazi ni za wote. Baina ya hatua moja na nyingine wachezaji huweka dau, huongeza, au hutupa karata zao na kujitoa. Mshindi ni yule mwenye karata tano bora kutokana na zile saba.

Jozi moja, hata iwe ya ree, ni cheo cha chini. Hushindwa na jozi mbili, na karata tatu za namba moja, na mfululizo wa namba tano, na karata tano za aina moja, na vyeo vingine vilivyo juu ya hivyo.

Ree mbili ni mgawo adimu, maana huja kwa wastani mara 1 katika migawo 221. Mbele ya mpinzani mmoja asiyejulikana karata zake, na zote tano zikifunuliwa, hushinda kadiri ya mara 85 katika 100. Lakini wapinzani wakifika 8, nafasi hiyo huanguka chini ya 40. Karata ni zile zile. Kilichobadilika ni idadi ya watu wanaoziwinda.

HESABU YA MAHARAGE

Tuchukue mfano wa familia inayocheza kwa punje za maharage. Mchezaji ana ree ya kopa na ree ya pao. Mezani zimefunuliwa tisa ya shupaza, nane ya shupaza na mbili ya uru. Fungu lina punje 100. Bado ree zinaongoza, ila mpinzani mwenye shupaza mbili mkononi anangojea moja tu. Katika karata 47 asizoziona, shupaza zilizosalia ni 9. Nafasi ya kuipata katika karata inayofuata ni kadiri ya 19 katika 100. Katika mbili zinazofuata ni kadiri ya 35.

Mwenye ree akinyamaza, mpinzani huitazama karata hiyo bure. Akiweka dau la punje 50, mpinzani hulazimika kutoa 50 ili awanie 150, yaani ahitaji kushinda mara 1 katika 4 ili asipate hasara. Kwa karata moja hana nafasi hiyo. Ndiyo sababu jozi yenye nguvu hulindwa mapema, wakati ingali mbele. Anayejificha ili kumtega mwenzake mara nyingi hujitega mwenyewe.

Sasa inafunuliwa kumi ya shupaza. Meza imegeuka. Shupaza ni tatu. Tena nane, tisa na kumi zimefuatana, na mwenye ghulamu na saba, au saba na sita, amekwisha kamilisha mfululizo. Ikiwa mpinzani ana shupaza mbili, hakuna karata yoyote iliyobaki iwezayo kuziokoa ree, kwa kuwa hata ree ya tatu hushindwa na karata tano za aina moja.

Hapo mchezaji mwenye busara hujiuliza maswali manne. Wapinzani waliobaki ni wangapi? Anayeongeza dau sasa ni mtu wa tahadhari au ni mzoefu wa kuhadaa? Alitenda nini kabla meza haijageuka? Tena kuendelea kutagharimu kiasi gani? Mpinzani akinyamaza, inafaa naye anyamaze. Akiletewa dau dogo, anaweza kulipa. Akiletewa dau la punje 100 juu ya fungu la 100, atatoa 100 kuwania 200. Basi aamini kwamba atashinda walau mara 1 katika 3, la sivyo atupe karata zake. Punje alizokwisha kuziweka si zake tena, wala zisimvute.

MAKOSA MAWILI YA MTU MMOJA

Isidhaniwe kwamba kila meza ikitisha ni lazima kukimbia. Mwaka 2003, katika fainali ya mashindano ya dunia ya poka mjini Las Vegas, walibaki watu wawili kati ya washiriki 839. Mmoja alikuwa Sammy Farha, mchezaji wa kulipwa mzaliwa wa Lebanoni. Wa pili alikuwa Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, aliyepata nafasi yake kwa mchujo wa intaneti uliomgharimu chini ya dola 100, ilhali kiingilio kamili kilikuwa dola 10,000.

Katika mgawo mmoja Farha alikuwa na bibi ya shupaza na tisa ya kopa. Mezani zilifunuliwa tisa ya shupaza, mbili ya uru na sita ya shupaza, kisha nane ya shupaza, na mwisho tatu ya kopa. Jozi yake ya tisa ilikuwa mbele. Moneymaker alikuwa na mfalme wa shupaza na saba ya kopa. Alingojea shupaza au mfululizo, asipate chochote. Hata hivyo alisukuma mali yake yote mezani. Farha alifikiri sana, akazitazama zile shupaza tatu, akatupa karata zilizokuwa za ushindi.

Baadaye, katika mgawo wa mwisho, Farha alikuwa na ghulamu na kumi. Zilifunuliwa ghulamu, tano na nne. Safari hii meza ilionekana tulivu. Farha aliweka dau, mwenzake akaongeza, naye akatia vyote alivyokuwa navyo. Moneymaker alifunua tano na nne: jozi mbili. Tano nyingine ikafuata mwishoni, na dola 2,500,000 zikaenda kwa mhasibu.

Mara ya kwanza jozi iliogopa hatari isiyokuwapo. Mara ya pili haikuiona hatari iliyokuwapo. Karata za wazi zilitoa nusu ya habari tu. Nusu ya pili ilikuwa kwa mtu aliyeketi upande wa pili.

KISA CHA KAMBINI

Dwight Eisenhower, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu mwaka 1953 hadi 1961, alikuwa mchezaji hodari wa poka katika ujana wake jeshini. Katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1967 alieleza juu ya mwanajeshi mmoja aliyelipa deni la karata kwa hati za akiba ambazo mkewe alizikusanya wakati wa vita. Eisenhower alipotambua jambo hilo alishauriana na wenzake, wakacheza na mtu yule na kushindwa kwa makusudi mpaka mali ikarudi. Kisha akaacha kabisa kucheza poka jeshini, maana aliona kwamba anayelipa deni hasa ni mke na watoto ambao hawakuketi mezani.

Kwa hiyo maharage na njiti za kiberiti zinatosha. Hesabu ni ile ile, furaha ni ile ile, na watoto hujifunza kukadiria bila kulia njaa. Mshahara wa mwisho wa mwezi una kazi yake: unga, mafuta, ada ya shule na dawa. Mwenye kuuweka juu ya meza, hata akiwa na ree mbili mkononi, anaweka dau ambalo si lake peke yake.