Fahamu: Mtoto akikamatwa Kisumu, sheria inasemaje?

Tuseme mvulana wa miaka 13 amenaswa ufuoni Dunga na wavu wa wizi. Atafungwa?

Je, anaweza kushtakiwa?
Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kushtakiwa kutoka miaka 8 hadi 12. Aliye chini ya miaka 14, upande wa mashtaka sharti uthibitishe kwamba alijua anatenda kosa.

Lazima afike kortini?
La. Kwa kosa dogo, akikiri kwa hiari, suala linaweza kumalizwa nje ya mahakama: arudishe wavu, amwombe msamaha mvuvi au amlipe fidia, na ahudhurie shule chini ya uangalizi.

Na akizuiliwa?
Kifungu cha 53 cha Katiba kinataka iwe hatua ya mwisho, kwa muda mfupi iwezekanavyo, mbali na watu wazima. Kisumu ina mahabusu ya watoto. Hukumu ya jela kwa mtoto hairuhusiwi.

Mzazi afanye nini?
Fika kituoni upesi na cheti cha kuzaliwa, kwani umri usipothibitishwa mtoto huweza kuandikishwa kama mtu mzima. Kisha omba afisa wa watoto aitwe kabla hajahojiwa.