Je, Wajua? Filamu bubu za Vugiri
Ukitoka Same na kushuka na reli ya Tanga, Milima ya Pare inakuachia Usambara. Huko Vugiri, juu ya Korogwe, filamu zilianza kutengenezwa mwaka 1935. Fedha zilitoka Marekani, kwenye shirika la Carnegie. Msimamizi alikuwa Mwingereza, Meja L. A. Notcutt. Picha zenyewe zilikuwa bubu: maneno yalipigwa pembeni kwa santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine. Hadi 1937 zilifika 35. Moja ina watu wawili wenye akiba: huyu anafukia pesa nyumbani, mwizi anazifukua; mwenzake anaweka benki ya posta. Utamu wote, bila shaka, uko kwa mwizi. Lori lilizungusha filamu hizo hadi Kenya, Uganda na Nyasaland, Malawi ya leo.