Kutembea Nako ni Tiba: Somo la Korona kwa Wagonjwa wa Saratani

Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya alipotangaza, tarehe 6 Aprili 2020, kuwa kwa ajili ya korona watu wasiingie wala kutoka Nairobi na viunga vyake, na kuanzia tarehe 8 wasiingie wala kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi, Kaunti ya Tana River haikutajwa. Kwa mgonjwa wa saratani wa Ndera, katika kaunti hiyo, hiyo haikuwa nafuu. Akiteremka kupitia Garsen na Malindi kwenda hospitali kuu ya Mombasa, sharti akanyage Kilifi. Akipanda kupitia Hola na Garissa kwenda Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi nayo imefungwa. Matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8 tu, na masika ya mwaka huo yakaleta mafuriko bondeni. Ndiyo maana kilio kikubwa kilikuwa cha barabara na dawa, na kilikuwa cha haki. Hata hivyo, ipo hasara nyingine iliyopita bila kuhesabiwa: mwili uliokalishwa. Kujongea ni sehemu ya tiba ya saratani, na wito wa kukaa nyumbani, kwa kuwa haukufafanuliwa, uliwaweka wagonjwa mbali na tiba isiyohitaji gari wala kibali.

Ushahidi wa jambo hili si wa kubahatisha. Uchovu wa saratani hauondoki kwa kulala. Mgonjwa anayelala mchana kutwa hupoteza misuli, pumzi humwishia upesi, na kesho yake huchoka zaidi. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali, lililoitishwa na chama cha Marekani cha wataalamu wa tiba ya michezo, lilihitimisha kuwa mazoezi ya wastani ya nusu saa, mara tatu kwa wiki, hupunguza uchovu, wasiwasi na sonona kwa watu wenye saratani. Mwaka 2025 yakatoka matokeo ya utafiti uliofuatilia wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliokwisha kupasuliwa na kupewa dawa za kemo. Katika kundi lililosimamiwa mazoezi kwa miaka mitatu, asilimia 90 walikuwa hai baada ya miaka minane. Katika kundi lililopewa vijitabu vya ushauri tu, asilimia 83. Mazoezi hayakuchukua nafasi ya dawa; yaliongezwa juu yake.

Mijini, kufungwa kulionekana kwa macho: viwanja vya mazoezi vilipigwa kufuli. Ndera hakukuwa na kufuli la namna hiyo, kwa sababu mwendo wa mtu umo ndani ya shughuli zake: kwenda shambani kwenye migomba na miembe, kufuata soko la Garsen, kumjulia hali jirani, kwenda msikitini au kanisani. Shughuli ikikatwa, mwendo hukatika nayo, na pamoja na mwendo huondoka mazungumzo yanayomwondolea mgonjwa upweke. Hata nyumba za ibada zilipoanza kufunguliwa Julai 2020, kwa watu wasiozidi 100 na kwa saa moja, wenye maradhi ya kudumu na waliopita miaka 58 waliambiwa wasubiri.

Atakuja mtu aseme kuwa wagonjwa hawa kinga yao ni dhaifu, na korona ingewaua. Ni kweli, na kuwaepusha na mikusanyiko kulikuwa na busara. Lakini msongamano si sawa na mwendo. Kutembea asubuhi kandokando ya mashamba, jua halijawa kali, hakumkaribishi mtu kwenye pumzi za umati, na kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri haikukigusa kipindi hicho. Mwingine atasema mkulima hahitaji kufundishwa mazoezi, maana jembe linamtosha. Jembe linamtosha mzima. Aliyepasuliwa titi huhitaji kunyoosha mkono hatua kwa hatua, na aliye kwenye kemo huhitaji kipimo anachokimudu. Jamaa kwa huruma humpokonya kazi zote, nao hawampi mbadala. Wa tatu atauliza mazoezi yana maana gani kwa aliyekosa mionzi. Yana maana kwa sababu anayefika hospitalini akiwa na nguvu huihimili tiba vizuri zaidi, hata ikichelewa.

Basi dharura nyingine ikija, iwe maradhi au mafuriko, tangazo liseme waziwazi: epukeni umati, lakini wagonjwa watembee. Wahudumu wa afya wa jamii waulize hatua alizopiga mgonjwa kama wanavyouliza vidonge alivyomeza. Mwenye homa, kizunguzungu, damu pungufu au saratani iliyofika mifupani amwone daktari kwanza. Nanyi mnaomuuguza mtu nyumbani, msimfungie ndani kwa mapenzi. Mshikeni mkono mtoke naye.